Weusi wa shingo, mabaka ya mashavu: kabla hujapaka kitu, jua umetoka wapi

Ingia duka lolote la vipodozi Kariakoo useme una madoa usoni, uone kama utaulizwa hata swali moja. Hutaulizwa yameanza lini, hutaulizwa kama una mimba au unachoma sindano ya uzazi wa mpango, hutaulizwa kama ulikuwa na chunusi, hutaulizwa unakunywa dawa gani. Utapewa krimu, na mara nyingi ni ileile anayopewa mwenye kwapa jeusi, mwenye shingo nyeusi na mwenye alama za mbu miguuni. Hapo ndo shida yote inapoanzia, manake hivyo vitu vinne havina chanzo kimoja, na kimojawapo wala sio ugonjwa wa ngozi, ni mwili unakuonya kwamba kisukari kinakuja.

Tuanze na rangi yenyewe inatoka wapi. Sehemu ya chini ya lile tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini, na melanini ndo rangi. Watu wengi wanadhani mtu mweusi ana seli hizo nyingi kuliko Mzungu, sio kweli, idadi inakaribiana sana, ila za kwetu zinafanya kazi zaidi, na vile vifuko vya rangi zinavyotengeneza ni vikubwa na vinachelewa kuvunjwa. Seli moja ya rangi inagawia majirani zake kama 36 hivi, na kila jirani anaiweka hiyo rangi juu ya kiini chake kama mwavuli ili jua lisiharibu vinasaba vilivyo ndani. Kwahiyo melanini ni ulinzi, na ngozi ikihisi inashambuliwa inaongeza ulinzi, hata kama mshambuliaji sio jua.

Na hili la mwisho ndo watu hawaambiwi. Seli ya rangi inaamshwa na jua ndiyo, lakini inaamshwa pia na homoni, na muwasho, na kidonda, na msuguano, na joto, na dawa unazomeza. Kwetu sisi inaamka haraka mno, kitu ambacho kwa mtu mweupe kingeacha wekundu wa wiki moja kwetu kinaacha doa la miezi sita. Ndo maana ukiona weusi umetokea mahali swali la kwanza lisiwe nipake nini, liwe nini kimeiamsha hii ngozi hapa, maana kama hicho kitu bado kipo utapaka mpaka mwaka uishe na weusi utakuwa unarudi palepale.

Kuna kitu kingine cha kujua mapema nacho ni kina cha doa. Rangi ikizidi kwenye tabaka la juu doa linakuwa la kahawia au jeusi la kawaida, na hilo lina matumaini kwa sababu tabaka la juu linajibadilisha lenyewe, seli za zamani zinapukutika mpya zinapanda, mzunguko wa mwezi mmoja na kitu. Lakini ngozi ikiumia sana au ikiumizwa muda mrefu, rangi inadondokea tabaka la ndani, kule inamezwa na seli za ulinzi na inakaa nazo, na doa linaanza kuonekana la kijivu au lenye ubluu fulani. La namna hiyo linaweza kudumu miaka na krimu za kupaka hazilifikii vizuri. Simama dirishani mchana na kioo mkononi, sio chini ya taa ya bafuni, angalia ni kahawia au ni kijivu, hapo tayari umeshajua mengi kuliko aliyekuuzia krimu.

Sasa vyanzo vyenyewe.

Kinachoongoza kwetu ni alama zinazobaki baada ya ngozi kuumia au kuvimba. Chunusi, ukurutu, upele, mbu, kuungua mafuta ya kukaangia, kidonda cha pikipiki. Doa linalobaki sio ugonjwa, ugonjwa ni kile kilichotangulia, na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela zao. Mtu ana chunusi mpya kila wiki lakini hatibu chunusi, ananunua seramu ya kutoa madoa, sasa likitoka doa moja yanaingia matatu. Mbaya zaidi anazitumbua, anapaka dawa ya mswaki juu yake, anasugua na limau, na kila kimoja kati ya hivyo kinaumiza ngozi upya. Limau na ndimu zina kemikali ambayo ikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga inaunguza, siku moja au mbili baadaye unaona wekundu au malengelenge, yakishapoa unabaki na weusi wenye michirizi kabisa, unafuata pale maji yalipotiririka. Wanaokamua ndimu juani kutwa nzima wanaupata kwenye vidole na mikono bila kujua umetoka wapi. Halafu bado tunaambiana ndimu inang'arisha!

Wanaume wana la kwao, kidevu na shingo. Nywele zetu ni za kujikunja, ukinyoa chini kabisa ncha iliyokatwa inajikunja inarudi ndani ya ngozi, mwili unaiona ni kitu kigeni unapigana nayo, vinatoka vipele, vinaacha weusi. Kinyozi anapitisha mashine, anamalizia na wembe, anapiga spiriti mpaka machozi yanakutoka, na wiki ijayo ni hivyohivyo. Hakuna krimu itakayoshinda hapo kama unyoaji haujabadilika, acha nywele kidogo, milimita moja au mbili, usipitishe wembe kinyume na nywele, usiivute ngozi wakati wa kunyoa. Kwapa na sehemu za siri ni hadithi hiyohiyo, ongezea jasho, nguo za kubana na deodoranti kali inayopakwa dakika moja baada ya kunyoa.

Msuguano nao ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Angalia vifundo vya miguu vya mtu aliyezoea kukaa mkekani, angalia viwiko vya anayeegemea meza kutwa, angalia alama ya sijda kwenye paji la uso la mtu anayeswali miaka yote. Ngozi ikibanwa na kusuguliwa palepale inakuwa nene na inakuwa nyeusi, ndo kazi yake. Hizo hazina neno. Inayonisikitisha ni ile ya dodoki. Watu wanasugua mgongo, mabega, shingo na miguu kwa dodoki gumu la nailoni kama wanasugua sufuria la ugali, kila siku asubuhi na jioni, baada ya muda wanaona weusi mgongoni au mbele ya miguu, wengine unakuja kama mawimbi madogomadogo, na kwa kuwa wanadhani ni uchafu wanaongeza kusugua. Yaani tiba wanayoitumia ndo chanzo. Weka dodoki pembeni, oga kwa mkono na sabuni ya kawaida, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ukae miezi kadhaa uone.

Tukija kwenye mabaka ya usoni kwa kina mama, yale ya mashavu yote mawili, paji la uso, juu ya mdomo na puani, ya kahawia, mipaka yake haijakaa sawasawa na hayawashi wala hayaumi, hayo yanaitwa melasma. Mengi yanaanza na ujauzito, ndo maana mtu anaambiwa mtoto wa kiume huyo, lakini jinsia ya mtoto haihusiki, ni homoni za mimba zinazoamsha seli za rangi, hizohizo zinazochora ule mstari mweusi tumboni na kutia weusi kwenye chuchu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuleta kitu kilekile. Na kwenye familia nyingi yanarithiwa, mama alikuwa nayo, dada anayo. Kwa wengine yanafifia yenyewe miezi michache baada ya kujifungua, kwa wengine yanakaa.

Ila homoni peke yake haitoshi, lazima jua liwepo, na hapa kuna jambo ambalo limeeleweka vizuri miaka hii ya karibuni. Kwa ngozi nyeusi sio tu ile miale isiyoonekana inayochochea rangi, hata mwanga wenyewe unaouona kwa macho unaitia ngozi yetu weusi, na mwanga huo unapita kwenye kioo cha gari na dirisha la ofisi bila shida yoyote. Sasa losheni nyingi za kuzuia jua, zile zinazopotea kabisa ukipaka, haziuzuii huo mwanga. Kinachouzuia ni losheni iliyotiwa rangi, yenye oksidi za chuma, inayofanana na fandesheni. Kwahiyo dada anakwambia nimepaka sanskrini mwaka mzima mabaka hayajatoka, hadanganyi, inawezekana alikuwa anapaka isiyomfaa. Wapo pia wanaosema mtu mweusi hahitaji kabisa losheni ya jua, hilo ni nusu ya ukweli, ngozi nyeusi ilishapimwa tangu miaka ya 1970 ikaonekana ina kinga yake ya asili ya kama SPF 13 (kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye losheni za jua), inatosha kupunguza sana saratani ya ngozi, haitoshi kuzuia mabaka. Na joto linachangia pia, anayekaa mbele ya jiko la mkaa au tanuri la mikate siku nzima mabaka yake ni magumu zaidi kutoka.

(Kwa ndugu zetu wenye ualbino hesabu ni tofauti kabisa, kwao losheni ya jua ni suala la uhai, na pale hospitali ya KCMC Moshi inatengenezwa losheni yao maalum inayoitwa Kilisun. Wasichanganywe kwenye mjadala huu wa urembo.)

Haya, shingo. Hii naomba uisome taratibu, hasa kama una mtoto mnene nyumbani au kisukari kipo kwenye ukoo. Weusi wa nyuma ya shingo, kwapani na kwenye mapaja, ambao ukipitisha kidole unasikia ngozi imekuwa nene, laini kama kitambaa cha mahameli, na ina vimistari vilivyojikunja, huo haujaletwa na cheni wala na uchafu wala jua. Mara nyingi mwili umeanza kuikataa insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na hiyo insulini ikijaa kwenye damu inachochea seli za ngozi kukua kupita kiasi. Ni dalili inayoweza kutangulia kisukari kwa miaka. Wanawake wenye vifuko vingi kwenye ovari, wale ambao hedhi zinaruka na ndevu zinaanza kuota kidevuni, wanaipata sana. Sasa mtoto wa miaka 12 ana shingo hiyo, mama yake anamsugua kwa jiwe mpaka analia, shuleni wanamwita mchafu, na kumbe alichohitaji ni kupimwa sukari, kupunguza soda na chipsi, na kupata nafasi ya kucheza. Uzito ukishuka na sukari ikikaa sawa weusi unapungua wenyewe, polepole. Na ukitokea ghafla kwa mtu mzima asiye mnene, unaenea haraka mpaka viganjani au mdomoni, huyo aende hospitali bila kuchelewa kwa sababu mara chache unaambatana na saratani ya tumboni.

Kuna kitu kimoja kinafanana nao ambacho lazima nikitaje kwa sababu kinawaokoa wengi hofu. Wapo watu shingo au kitovu kinakuwa na weusi kama wa uchafu, sabuni haitoi, dodoki halitoi, lakini ukichukua pamba yenye spiriti ya hospitali ukafuta, unatoka wote palepale na pamba inabaki kahawia. Ni seli zilizokufa zimeganda tu na mafuta ya mwili, basi. Ukifuta na spiriti usitoke kitu, rudi kwenye habari ya sukari.

Dawa. Kama una doa la mviringo, jeusi au la rangi kama ya zambarau, lipo mdomoni au mkononi au sehemu za siri, na kila baada ya muda linawasha, linavimba, hata linatoka lengelenge halafu linarudi kuwa jeusi zaidi ya mwanzo, palepale, sio pembeni, hebu kumbuka ulimeza nini siku hiyo au siku moja kabla. Hiyo ni aleji ya dawa inayokaa mahali pamoja, na kwetu wahusika wakubwa ni dawa za salfa, yaani Septrin, na Fansidar na ndugu zake. Tanzania ilitumia SP, ndo hiyo Fansidar na ndugu zake, kama dawa ya kwanza ya malaria tangu 2001 mpaka ilipokuja dawa mseto mwishoni mwa 2006, na hao watu wazima wanaokwambia salfa inanikataa wengi waligundua kipindi hicho, mdomo uliharibika kila walipotibiwa malaria. SP bado wanapewa wajawazito kliniki, kwahiyo mama kama unajua salfa inakukataa sema pale kliniki kabla hujameza. Tetrasaiklini na dawa za maumivu kama ibuprofeni nazo zinafanya hivyo. Doa la aina hii ukilipaka krimu ya kung'arisha ni bure, acha dawa inayolileta kwanza, na andika jina lake kwenye daftari lako la kliniki.

Yapo yanayotoka ndani kabisa, nitayapitia haraka. Upungufu wa vitamini B12 unatia weusi kwenye viungo vya vidole, viganja na ulimi, unawapata zaidi wasiokula nyama, mayai wala maziwa. Upungufu wa niasini, yaani vitamini B3, unaleta pelagra, ngozi inakuwa nyeusi na kukakamaa pale jua linapopiga, shingoni inazunguka kama mkufu, pamoja na kuharisha na kuchanganyikiwa, ni ugonjwa wa watu wanaoishi kwa mahindi matupu, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi uliwapata kwa maelfu mwaka 1990, na leo unawapata pia walevi wasiokula. Tezi zilizo juu ya figo zikiharibika, na kifua kikuu ni moja ya vitu vinavyoziharibu, mtu anakuwa mweusi mwili mzima, hata fizi na mistari ya viganja, huku anakonda, presha inashuka na anatamani chumvi. Kwahiyo weusi ukija na uchovu na kukonda, achana na duka la vipodozi.

Sasa tufike kwenye mkorogo, maana huu ni chanzo cha weusi ambacho tunakinunua kwa hela yetu.

Ndani ya mkorogo na krimu nyingi za kujichubua kuna vitu vitatu vya kuogopa. Cha kwanza haidrokwinoni, inazuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Hospitalini daktari wa ngozi anaweza kuitumia kwa kipimo kidogo, kwa miezi michache, akiwa anakuangalia. Lakini ikipakwa miaka, mwili mzima, juani, inaleta kinyume chake. Mashavu na maeneo ya karibu na macho yanaanza kuwa na weusi wenye ubluu, ukipapasa unasikia vipunje vidogovidogo, na ukiangalia kwa karibu ni vidoti vyeusi vimejipanga kwenye mfupa wa shavu. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huu mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu hizo, nchi ile ikapiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, na Ulaya ikafuata mwaka 2001. Ukishaingia ngozini ni miongoni mwa madoa magumu kabisa kuyatoa. Na mtu akiona uso unazidi kuwa mweusi anafanya nini? Anaongeza krimu, maana anadhani haijakolea.

Cha pili ni steroidi kali, zile tyubu ndogo za betamethasoni na klobetasoli zinazouzwa kama karanga. Mwanzoni zinampendezesha mtu kweli, uso unakuwa laini, mweupe, chunusi zinatulia, na hapo ndo mtego ulipo. Baada ya muda ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi inapasuka mapajani na mikononi, chunusi zinarudi kwa vurugu, fangasi wanasambaa, kidonda hakifungi vizuri hata mshono wa upasuaji. Ukiacha ghafla uso unawaka moto, unavimba na unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza, kwahiyo mtu anarudi dukani mbio. Angalia mkono wa mtu aliyetumia miaka mingi, kiganja kwa nje cheupe, ngozi inang'aa kama karatasi, mishipa ya kijani imejichora, lakini viungo vya vidole ni vyeusi tititi. Pale ngozi ni nene, imejikunja, inasuguliwa muda wote na haisikii krimu kama sehemu nyingine. Watu wanamcheka barabarani, mimi naona mtu aliyeuziwa sumu akaambiwa ni urembo.

Cha tatu ni zebaki. Hii haiishii kwenye ngozi, inaingia kwenye damu na inakwenda kwenye figo. Na sio habari mpya hata kidogo, mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 pale Hospitali ya Kenyatta waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zinavujisha protini, zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita na hizo krimu bado zinaingia sokoni. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025, Rwanda ilianza msako madukani tangu mwishoni mwa 2018, Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku na kazi ya kuvisaka iko kwa Shirika la Viwango, TBS, ila boksi likibadilishwa jina krimu inarudi. Dalili moja ya kukusaidia, kama maelezo yanasema usishike dhahabu au fedha ukiwa umepaka, usiinunue, zebaki inakula hayo madini ndo maana wanakutahadharisha pete yako. Figo hawajazitaja. Na mama anayeitumia akiwa ananyonyesha au anabeba mtoto kifuani, mtoto anaipata kwa mikono yake, mashuka yake, taulo lake.

Sabuni za kuchubua ngozi, asidi za kupima kwa macho, jiki ya kufulia inayochanganywa humo, hizo zote zinaunguza, na tulishasema ngozi yetu ikiungua inajibu kwa weusi.

Kabla sijafika kwenye matibabu, kuna mabaka meupe kidogo, maana rangi kutokuwa sawa sio weusi tu. Mabaka mepesi yenye ungaunga kifuani na mgongoni, yanayoongezeka kipindi cha joto, hayo ni fangasi, yanatibika kirahisi ila rangi inachelewa kurudi, usidhani dawa imeshindwa. Mashavu ya watoto kupauka kwa viraka ni ukavu na ukurutu mdogo, mafuta mazito na muda vinatosha. Mabalanga ni meupe kabisa kama maziwa, mipaka imechorwa, hayo ni kinga ya mwili inashambulia seli za rangi na yanataka daktari. Ila baka jepesi ambalo ukiligusa na ncha ya kalamu husikii, au unasikia tofauti na pembeni yake, hilo ni la kwenda kituo cha afya wiki hiyohiyo, inaweza kuwa ukoma. Ukoma bado upo, dawa zake ni bure na zinaponya kabisa, na ukiwahi mishipa ya mikono na miguu haiharibiki.

Matibabu sasa. Ukishajua chanzo kazi kubwa umeshaifanya, maana madoa mengi yanaanza kufifia mara tu kinachoyaleta kinapoondolewa. Kwa uso anza na vitu vitatu vya bei ya kawaida, sabuni isiyokausha, mafuta au losheni isiyo na manukato makali, na losheni ya jua, kama ni melasma tafuta yenye rangi, paka ya kutosha vidole viwili kwa uso na shingo na urudie mchana kama uko nje. Kofia pana na mtandio vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Asidi ya azelaiki inatibu chunusi na doa kwa pamoja na hata mjamzito anaweza kuitumia, ndo maana mimi naipenda kuliko zote za kundi hili. Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, inafanya kazi lakini sio kwa mjamzito, na ukianza nayo kwa fujo inachubua na kuacha weusi mpya, anza mara mbili kwa wiki, usiku, kidogo kama punje ya njegere kwa uso mzima. Niasinamaidi na vitamini C ni za kusaidia, usizitegemee peke yake. Leza na kemikali za kuchubua tabaka la juu kwa ngozi yetu afanye mtu aliyesomea ngozi nyeusi, sio saluni, mashine iliyopangwa kwa ngozi nyeupe inaweza kukuachia doa la kila pigo. Sindano na dripu za kung'arisha achana nazo kabisa.

Muda ndo watu wanaushindwa. Doa la juu linataka miezi mitatu mpaka sita kabla hujaona tofauti ya maana, mengine mwaka. Piga picha siku ya kwanza, dirisha lilelile saa ileile, halafu piga nyingine baada ya wiki nane, maana kioo unachokiangalia kila asubuhi hakikuonyeshi mabadiliko. Krimu yoyote iliyokutoa weusi ndani ya siku saba itilie shaka, huenda ina kitu kati ya vile vitatu vya mkorogo.

Na kama tayari uko kwenye mkorogo miaka, usiache yote usiku mmoja peke yako. Chukua makopo yote, hata lile lisilo na lebo ulilochanganyiwa, nenda nayo kliniki ya ngozi, waambie ukweli umetumia nini na muda gani, mwambie daktari apime na mkojo na figo. Kama kuna steroidi ndani atakushusha taratibu kwa kuhamia zilizo dhaifu, na wiki za mwanzo uso utavimba, utawasha, utakuwa mweusi wa mabakamabaka, hicho ni kipindi cha kupita, usiruhusu mtu yeyote akurudishe dukani.